Kurudi Nyuma na Kukimbia

Hapana neno ambalo kijana huogopa kuitwa kuliko neno mwoga. Aweza kuvumilia kuambiwa kuwa ni maskini, mvivu au mjinga; maana maskini hutumaini kupata, mvivu huweza kuamka, na mjinga huweza kufundishwa. Lakini aitwapo mwoga hujiona amevuliwa nguo hadharani. Kwa sababu hiyo vijana wengi wamefanya mambo ya upumbavu, si kwa kuwa walikuwa mashujaa, bali kwa kuwa walikiogopa kicheko cha wenzao. Wahenga waliliona jambo hili wakasema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii ni nzito. Yatuambia kwamba nyumbani kwa yule tunayemdharau watu wako hai na wanacheka, na nyumbani kwa yule tunayemsifu watu wamekaa matanga.

Basi yafaa tujiulize: je, kila ampaye adui kisogo ni mwoga? Na kama sivyo, twawezaje kumtambua arudiye nyuma kwa busara na akimbiaye kwa hofu, nasi twaona migongo yao tu? Swali hili ni la kale, nalo halikuanza kwetu. Nataka tulipime, msomaji, kwa habari za watu wa mbali waliohukumiwa kwa ajili yake kwa muda wa karne nyingi: askari wa farasi wa Lithuania.

Lithuania ni nchi ya Ulaya iliyo kando ya Bahari ya Baltiki. Ni nchi ya misitu, mito, maziwa na vinamasi. Leo ni nchi ndogo, lakini katika karne ya 14 na ya 15 mamlaka yake yalienea mbali upande wa mashariki na kusini. Alama ya taifa hilo ni mpanda farasi aliyevaa deraya, ameinua upanga, na farasi wake yu mbioni. Wenyewe humwita Vytis, jina linalotokana na neno lao la kufukuza. Taifa lililojichagulia alama ya mwenye kufukuza ndilo lililoshtakiwa kwamba lilikimbia.

Adui mkubwa wa Walithuania katika zama hizo alikuwa Jumuiya ya Teutonic, chama cha watawa wa Kijerumani waliokuwa na msalaba katika nguo na upanga mkononi. Watawa hao walipigana juu ya farasi wakubwa, nao wenyewe walivaa chuma toka utosini hata miguuni. Walipokwenda kwa pamoja katika uwanja mkavu, mikuki yao imelala mbele, ilikuwa shida kuwazuia. Farasi wa Walithuania walikuwa wadogo, wepesi na wavumilivu wa njaa na baridi; na wapandaji wao wengi hawakuwa na chuma kingi mwilini. Mtu wa namna hii akisimama wima kumngojea mtu wa namna ile huwa hakuonyesha ushujaa. Ameonyesha kwamba hakufikiri.

Watu wa pwani hiyo ya Baltiki walikuwa wamejifunza mapema kwamba wepesi nao ni silaha. Mwaka 1236, katika vita vya Saule, Watawa wa Upanga, chama kingine cha namna hiyo hiyo, walizuiwa njiani karibu na kinamasi. Wapiganaji wao wakubwa walikataa kushuka juu ya farasi wao ili wapigane kwa miguu katika matope. Walilala pale pale, na kulipokucha walishambuliwa. Uzito ambao katika uwanja mkavu ulikuwa nguvu yao uligeuka kuwa mzigo, na mkuu wao aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Chama hicho hakikuinuka tena. Mabaki yake yaliunganishwa na Jumuiya ya Teutonic.

Lakini mtu hujifunza vema zaidi kwa maumivu yake mwenyewe. Mwaka 1399 Mtawala Mkuu wa Lithuania, jina lake Vytautas, alikwenda kupigana na Watatari katika mto wa Vorskla. Watatari walikuwa hodari wa farasi kupita watu wote wa zama zao. Yasimuliwa kwamba walijifanya kushindwa, wakageuza farasi, wakaenda mbio. Jeshi la Vytautas likawafuata kwa shangwe, safu zikavunjika, kila mtu akitaka kuwa wa kwanza. Ndipo Watatari wengine waliokuwa wamejificha walipowazunguka. Mabwana wengi wa Lithuania walikufa siku ile, na Vytautas mwenyewe aliokoka kwa shida. Alirudi kwake bila jeshi, lakini alirudi na elimu. Alijua sasa kwamba mgongo wa adui waweza kuwa mtego, na kwamba ashindaye hupofushwa na furaha yake upesi kuliko ashindwaye na huzuni yake.

Miaka 11 ilipita. Tarehe 15 Julai, 1410, Vytautas na mfalme wa Poland, Jogaila, watoto wa ndugu wawili, walikutana na jeshi la Jumuiya ya Teutonic karibu na kijiji cha Grunwald, mahali palipo katika Poland ya leo. Walithuania hukiita kituo hicho Žalgiris. Mkuu wa Jumuiya, Ulrich von Jungingen, alikuwa amepanga watu wake mapema, nao walingoja juani ndani ya chuma chao. Wajumbe wake walipelekwa kwa Jogaila na Vytautas wakiwa na panga mbili tupu, kama zawadi ya kejeli: kwamba ikiwa hawana silaha za kutosha au hawana moyo, basi silaha ndizo hizo. Hicho ndicho kicheko apelekewacho mwoga. Wale ndugu wawili walizipokea panga, na vita vikaanza.

Askari wa farasi wa Lithuania walikuwa upande wa kulia, na pamoja nao walikuwamo Watatari waliokuwa rafiki zao. Waliingia wa kwanza. Baada ya mapigano makali ya muda wa saa moja hivi, safu zao zilirudi nyuma, kisha zikageuka na kwenda mbio. Watawa wa upande ule walipiga kelele za ushindi, wakavunja mpango wao, wakawafukuza mbali na uwanja. Wengine walikusanya mateka na nyara, wakarudi wakidhani kazi imekwisha. Wakaikuta kazi bado mbichi. Wapolandi walikuwa wakipigana kwa nguvu zote, na Walithuania wengi walikuwa wamerejea uwanjani. Kabla ya jua kuchwa Ulrich von Jungingen alikuwa maiti, na karibu wakubwa wote wa Jumuiya walikuwa wamelala pamoja naye. Jumuiya ile haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo asubuhi ya siku ile.

Sasa tuje katika hukumu. Mwandishi mashuhuri wa habari za vita hivyo ni Jan Długosz, padri wa Poland. Alizaliwa mwaka 1415, miaka mitano baada ya vita, na baba yake alikuwa mmoja wa waliopigana pale. Katika kitabu chake Walithuania walikimbia. Na wengine, asema, hawakusimama hata wakafika kwao na kueneza habari kwamba vita vimepotea. Maneno hayo yalisomwa kwa muda wa karne nyingi, na aibu ikakaa juu ya vichwa vya watu waliokwisha kuoza zamani. Sisemi kwamba Długosz alikuwa mwongo. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake; na mtoto aliyelelewa kwa hadithi za baba yake juu ya ushujaa wa Wapolandi huenda asiulize sana habari za upande wa kulia.

Mwaka 1963 mtaalamu mmoja wa Sweden, Sven Ekdahl, alitangaza barua aliyoikuta katika nyaraka za kale za Jumuiya. Barua hiyo iliandikwa miaka michache tu baada ya vita, nayo yampa Mkuu wa Jumuiya onyo. Yamwambia kwamba katika vita vijavyo adui aweza tena kuondoa vikosi vichache kwa makusudi, kama ilivyotokea katika vita vikubwa. Basi watu wazuiwe wasiondoke katika safu zao kuwafuata. Onyo hilo lilitoka upande wa walioshindwa wenyewe, nao hawakuwa na sababu ya kuwapamba Walithuania. Tangu hapo wataalamu wengi huamini kwamba kukimbia kule kulikuwa hila iliyokusudiwa, elimu ya Vorskla iliyolipiwa damu. Wengine bado husema kwamba ilikuwa hofu ya kweli, na wengine kwamba ilianza hivi ikaishia vile.

Utazame uzito wa jambo hili. Kitendo ni kile kile: farasi wale wale, migongo ile ile, vumbi lile lile. Wa kwanza akakiita aibu, na wa pili akakiita akili. Kwa hiyo aibu na akili hazikuwa katika vumbi; zilikuwa ndani ya nia ya wapandaji, mahali ambapo jicho haliingii. Ikiwa wenye elimu wamebishana juu ya jambo hilo kwa miaka mingi na hawajalimaliza, wewe na mimi tuna haki gani ya kumhukumu mwenzetu kwa kumtazama mara moja akiondoka mahali?

Na kuna jambo jingine ambalo hufichwa na neno hila. Watu hudhani kwamba kujifanya kukimbia ni kazi nyepesi. Mimi naona kwamba ni kazi ngumu kupita kusimama. Asimamaye huona uso wa adui, naye hushikwa na hasira inayomsaidia. Ajifanyaye kukimbia humsikia adui nyuma yake bila kumwona. Farasi wake amekwisha kuonja mbio na hataki kugeuka. Jirani yake aliyeanguka hakuanguka kwa hila, amekufa kweli. Kila hatua humwambia: endelea, utapona. Hofu aliyoivaa kama vazi huanza kugandamana na ngozi. Hapo ndipo mtu hupimwa. Pengine wako katika uwanja wa Grunwald waliogeuka kwa amri wakaendelea kwa woga. Na pengine wako waliogeuka kwa woga, kisha wakaikumbuka amri, wakavuta hatamu na kurudi. Hawa wa mwisho nawaheshimu sana. Ushujaa wao haukuwa wa kutoogopa, bali wa kurejea baada ya kuogopa.

Lakini tusiwasifu waliorudi tukawasahau waliobaki. Vikosi vitatu vya watu wa Smolensk, waliokuwa chini ya mamlaka ya Lithuania, havikuondoka. Vilisimama kando ya Wapolandi na kuuziba mwanya. Kimoja, kwa maelezo ya Długosz yuyo huyo, kilikatwa hata bendera yake ikakanyagwa chini. Kila mtu arudipo nyuma, yuko mwingine ambaye ubavu wake unabaki wazi. Hili ndilo deni la kurudi nyuma. Asiyelikumbuka deni hilo, hata akiwa na akili nyingi kiasi gani, huyo ni mkimbizi tu. Na alilipaye kwa kurejea ndiye awezaye kusema kwamba hakukimbia.

Yuko atakayeniuliza: je, hila si uongo? Na kama ni uongo, twawezaje kuufundisha vijana? Ni swali la haki. Jibu langu ni hili: adui aliyevuta upanga hakukuomba ahadi, wala hukumpa, ajua kwamba utamshinda kwa nguvu au kwa akili, naye amekusudia kukutenda vivyo hivyo. Uongo ni kuivunja imani uliyokwisha kupewa. Tazama habari za Watatari wa Lithuania. Mwishoni mwa karne ya 14 Vytautas alianza kuwapa wengine wao, waliokuwa Waislamu, mashamba katika nchi yake, kwa sharti la kutumika katika jeshi juu ya farasi. Watu hao, ambao ustadi wao vitani ulikuwa kumdanganya adui kwa mgongo, walilishika sharti hilo kizazi baada ya kizazi. Nao waliachiwa dini yao na misikiti yao, na wajukuu wao wangali wakikaa Lithuania hata leo. Basi mtu yule yule aweza kuwa na hila kwa adui na uaminifu kwa rafiki. Atakayeichukua hila ya uwanja wa vita akaitumia sokoni, darasani au nyumbani hakufuata mfano wao.

Kama Grunwald ina mashaka, Kircholm haina. Tarehe 27 Septemba, 1605, karibu na mji wa Riga, Jan Karol Chodkiewicz, mkuu wa majeshi ya Lithuania, alikuwa na watu wapatao 3,600, wengi wao juu ya farasi. Mfalme wa Sweden, Karl wa Tisa, alikuwa na watu wapatao 11,000, nao walikuwa juu ya kilima. Chodkiewicz hakukipanda kilima kile ili asifiwe kuwa hodari. Aliwaondosha watu wake nyuma kana kwamba wamechoka na wanataka kwenda zao. Waswidi wakashuka kuwafuata. Walipofika chini amri ilitolewa, farasi waligeuzwa, mikuki ikalazwa, na kwa muda mfupi sana jeshi lile kubwa likavunjika. Upande wa Chodkiewicz walikufa watu kama 100. Hapa hapana mwandishi aliyeuliza kama walikimbia, kwa maana walirejea wote, kwa amri moja, katika saa moja.

Ingekuwa vema kama ningeweza kumaliza hapa. Lakini insha inayotafuta ukweli haiwezi kuchagua siku za furaha peke yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Lithuania ilikuwa tena nchi huru, nayo iliunda vikosi vitatu vya farasi. Kimoja kiliitwa Mbwa-mwitu wa Chuma. Usiku wa tarehe 14 Juni, 1940, serikali ya Urusi ya Kisovieti ilileta madai ya kuingiza majeshi yake na kuibadili serikali ya Lithuania, ikatoa saa chache tu za kujibu. Maelfu ya askari wa Kisovieti walikuwa wamekwisha kuwekwa ndani ya nchi tangu mwaka uliotangulia. Rais Antanas Smetona alitaka silaha zitumike, walau kwa kuonyesha kwamba taifa halikukubali. Wengi wa wenziwe walikataa, naye akaondoka nchini. Majeshi ya kigeni yaliingia bila kuzuiwa. Vikosi vya farasi havikupewa amri ya kupigana.

Je, huko kulikuwa kurudi nyuma au kukimbia? Walithuania wenyewe wangali wakibishana. Wako wasemao kwamba taifa dogo lisingeweza kulishinda lile kubwa, na kwamba damu ingemwagika bure. Wako wasemao kwamba damu ilimwagika vile vile, maana mwaka uliofuata maelfu ya watu walichukuliwa na kupelekwa Siberia, na wala hapakuwapo hata mlio mmoja wa bunduki wa kuushuhudia ulimwengu kwamba nchi imeibwa. Sina ujasiri wa kuwahukumu watu waliopewa saa chache za usiku kuamua jambo kama hilo. Lakini naona kwamba swali lao lilikuwa lile lile la Grunwald: arudiye nyuma, amepanga kurejea wapi, na lini?

Jibu lilikawia miaka 50. Tarehe 11 Machi, 1990, Lithuania ilitangaza uhuru wake tena. Mwezi wa Januari, 1991, vifaru vya Kisovieti vilipokuja katika mji wa Vilnius, watu wa mji walisimama mbele yake usiku, bila silaha, wakiuzunguka mnara wa televisheni. Baadhi yao waliuawa. Wengine hawakuondoka. Hapakuwa na farasi hata mmoja pale, wala mkuki. Lakini mtu akiuliza siku gani mpanda farasi wa alama yao aligeuza hatamu, mimi ningemwonyesha usiku ule. Leo vikosi vya jeshi la nchi hiyo vinachukua tena majina ya vikosi vya farasi vya zamani, ingawa askari wake hupanda magari ya chuma.

Msomaji, si lazima uwe na farasi ili ukutane na swali hili. Utakutana nalo siku utakapochokozwa na mtu aliye na nguvu kuliko wewe, na wenzako wamesimama kando wakingoja kucheka. Utakutana nalo utakaposhindwa katika mtihani ukaambiwa urudie mwaka. Utakutana nalo utakapokuwa peke yako unayesema kweli katika baraza la watu wenye hasira. Siku hiyo kusimama kwaweza kuwa kiburi, na kuondoka kwaweza kuwa hekima. Au kinyume chake. Hapana mtu atakayeweza kukuamulia kwa kuutazama mgongo wako. Jiulize mwenyewe mambo matatu. La kwanza: naondoka ili nilinde kitu gani, jambo langu au ngozi yangu? La pili: ni nani ninayemwacha nyuma yangu, na nitamlipa nini? La tatu: nimeweka alama mahali gani, ambapo nitavuta hatamu na kugeuka?

Kondoo dume arudipo nyuma hatua mbili, watoto humcheka. Lakini achungaye kondoo huondoa miguu yake njiani. Usikiogope kicheko. Ogope siku ile utakapofika mahali ulipoahidi kugeuka, nawe ukapita.